Kinasa cha Mlango wa Ruvuma

Neema alinipigia simu Jumapili nikitoka kanisani, akasema, "Mama mdogo, mama amelala." Nikamuuliza amelala wapi, kama mtu aliyejifunza Kiswahili juzi. Akaanza kulia, ndipo nikaelewa. Kutoka Njombe hadi Mtwara si mwendo wa kukimbilia, na nilipofika walikwisha kumzika. Vijana wasionijua walinipeleka makaburini, nikasimama mbele ya tuta la mchanga lenye msalaba mbichi. Sasa nalala hapa Shangani, nyumbani kwa Neema, kwenye chumba cha watoto, chini ya picha ya mama yake, Dada Felista, akiwa na buti za mpira na bisibisi mkononi. Kila anayekuja kutoa pole huniuliza mimi ni nani wa marehemu. Najibu, mdogo wake. Wananitazama kwa adabu, maana yeye alikuwa Mmakonde wa Newala na mimi ni Mbena niliyeletwa huku na kazi ya serikali. Ya kwetu Njombe nayaacha hukohuko Njombe. Ninayotaka kuyaandika ni ya mwaka mmoja tu, niliokaa kwenye chumba chake cha uani kule Chuno, hapahapa Mtwara, kwa sababu mwaka huo ndio ulionifunza kazi na ukanifunza pia mtu mzima ni mtu wa namna gani.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha moja lililofungukia jikoni kwake. Nililipenda dirisha lile kuliko kitanda. Alfajiri nilisikia mwiko ukigonga sufuria ya uji, halafu sauti ya Neema, ambaye wakati huo hajaanza shule, akiuliza maswali yake, na mama yake akimjibu yote kwa uzito uleule: kwa nini kuku hakojoi, kwa nini mgeni wetu analala na soksi. Baba yake Neema alikuwa ameshakwenda zake zamani na halikuwa jambo la kuulizwa. Jioni majirani waliegemea ua wa makuti, nami nikijifanya nasoma nilisikiliza nikijadiliwa. "Mama Neema, mgeni wako anakula?" "Anakula, ila pweza anamtazama kwanza." "Atamzoea." "Pweza amzoee yeye, au yeye amzoee pweza?" Walicheka mpaka nikacheka peke yangu ndani, nikaumbuka, wakajua nilikuwa nasikiliza. Pale ndipo nilipokula ming'oko mara ya kwanza, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na chumvi na kuuzwa kwenye mabeseni. Sikuipenda, kisha nikaizoea, na sasa nikiugua Njombe ndiyo ninayoitamani, wakati hakuna hata mtu wa kumwelezea ni kitu gani.

Kazi iliyonileta ilikuwa ya mradi wa maji, Dada Felista akiwa fundi wa vyombo na mimi msaidizi wake. Kijiji kimoja karibu na mlango wa Ruvuma, mbele ya Mnazi Bay, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaiona mikoko ya Msumbiji upande wa pili, kilikuwa kinachota maji mtoni, na mtoni kulikuwa na mamba. Wanawake walikuwa wamesimika uzio wa miti ndani ya maji ili wachotee nyuma yake, lakini mamba naye ana akili zake. Bi Asia, aliyekuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, alimpoteza mdogo wake pale. Ndoo ilibaki inaelea. Mradi ulikusudia kuweka pampu na kuvuta bomba, na swali lilikuwa moja: pampu ikae wapi. Ramani ya Mhandisi, mkubwa wetu kwenye mradi, iliiweka palepale kijijini kwa kuwa ndiko karibu. Bi Asia na wenzake walisema hapana, kiangazi kikikaza na bamvua likija, siku zile za mwezi mpya na mwezi mpevu bahari inapojaa kupita kiasi, chumvi hupanda mto mpaka hapo. Pampu iende juu, kwenye kona ya mto, ambako chumvi haifiki. Mhandisi hakuwabishia. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye vidonda vya tumbo, aliyekunywa maziwa kama mtoto. Alisema tu kwamba wafadhili hawatoi bomba refu kwa maneno, wanataka vipimo vya msimu mzima. Vipimo visipopatikana, pampu itawekwa ilipo kwenye ramani, itavuta chumvi, na wanawake watarudi na ndoo zao kwa mamba.

Chombo cha kupimia kililetwa kwenye sanduku lenye sifongo. Kwa Kiswahili cha ofisini, kile cha nusu Kiingereza, kiliitwa loga. Siku tuliyokipeleka kijijini Mhandisi alisimama mbele ya mkutano, akaeleza kwa furaha kwamba tumekuja kufunga loga mtoni, na kwamba loga hiyo itakaa hapo usiku na mchana. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Na mnataka kumloga nani?" Mhandisi akazidi kueleza na kila alivyoeleza ndivyo mambo yalivyoharibika. Bi Asia, ambaye ulimi wake ulikuwa na Kimakonde kingi hata Mtwara akaiita Ntwara, akasema, "Baba, hata ntu akiwa nchawi, hatangazi nkutanoni." Dada Felista akainuka upesi, akasema mgeni amekosea jina. Hiki kinaitwa kinasa, kama kile kinachonasa sauti redioni, ila hiki kinanasa maji. Watu wakapumua. Tangu siku hiyo lile neno lingine lilipigwa marufuku hata ndani ya gari.

Lakini kabla ya kukifunga mtoni ilibidi kukigawia kumbukumbu. Watoto wa Neema, ambao simu zao zimebeba picha ya kila sahani waliyowahi kula, hawawezi kujua kumbukumbu ya kinasa kile ilivyokuwa finyu. Dada Felista alinieleza jikoni huku anachambua mchele, akitenga punje kwa kidole kwenye ungo. "Ndani yake mna vyumba vidogo vidogo, vimepangwa mstari mmoja. Kila chumba kinaingia namba moja, basi. Sisi tunataka kupima kina cha maji na chumvi yake, tunataka mvua, tunataka nguvu ya betri. Kila mmoja tunamkatia kipande chake cha mstari, ndiyo jedwali lake. Ukimwongeza huyu, umemnyang'anya yule." Nikamuuliza vyumba vikijaa inakuwaje. "Hapo ndipo penye kazi, Salome. Unakiambia mapema. Ama ukijaa simama, usipokee tena. Ama ukijaa rudi chumba cha kwanza, mtoe aliyemo, mwingize mgeni." Alisema ukishaweka mgao, umeweka. Ukija kuugusa katikati ya safari, kinasa kinafuta kila kitu na kuanza upya.

Mhandisi alitaka kila jedwali lirudi mwanzo, ili tukikifungua tukute habari mpya. Nilikuwepo walipobishana, ofisini, chini ya feni iliyopuliza upande mmoja tu. Dada Felista alimuuliza ile kompyuta ya kubebeka, iliyokuwa moja kwa pwani nzima, italetwa lini Mtwara. Akajibu, baada ya masika. "Basi baada ya masika tutakuta maji ya mvua matupu. Chumvi ya kiangazi itakuwa imetolewa nje chumba kwa chumba, na hiyo ndiyo tuliyoitafuta." Akapendekeza jedwali la maji lipewe sehemu kubwa, na likijaa lisimame. La mvua lipewe kidogo, lizunguke litakavyo. La betri liondolewe kabisa. Kwenye betri Mhandisi alisita, akasema bila jedwali hilo hatutajua inavyozeeka. "Nitaipima kwa mkono nikienda," alisema Dada Felista. Mhandisi akanywa maziwa yake, akakubali. Nimekaa kwenye vikao vingi vya bajeti tangu siku ile, vyenye viyoyozi na chupa za maji, na sijaona mgao uliofikiriwa vizuri kama ule.

Nimewahi kujiuliza mimi mwenyewe ni kinasa cha namna gani. Wapo wazee waliojaa ujana wao wakasimama hapohapo. Ukiwaambia la jana wanakutazama tu. Mimi nadhani ni wa kurudi mwanzo, maana miaka yangu mingi ya katikati imeshafutwa na semina. Siwezi kukumbuka nilifanya nini mwaka nilipopandishwa cheo. Lakini ua wa makuti wa Chuno nauona, pamoja na mahali ulipotoboka, na kuku aliyekuwa akipita hapo.

Kijijini tulikuwa tukienda na Land Rover, na kila mara Bi Asia alituandalia sinia, ugali wa muhogo na kisamvu, na alikasirika tukila kidogo. Siku moja tulipokuwa tunasubiri chakula nilimuuliza Dada Felista namba zile zinajuaje ni za siku gani. Akanionyesha ndoo zilizopangwa kuelekea mtoni, wenyewe wakiwa wamekaa kivulini wanasukana. "Unaona hizi? Akija mtu akisema yeye aliwahi, hatumuulizi. Tunatazama ndoo yake iko nyuma ya ipi. Na kinasa ni hivyohivyo. Kila mstari una saa yake pembeni, lakini saa tunaiweka sisi. Nafasi haiwekwi na mtu." Bi Asia aliyekuwa akisikiliza akasema, "Huku kwetu ntu akisogeza ndoo ya mwenzie usiku, asubuhi anapigwa." Tukala.

Kiangazi kilikuwa kimeanza kukaza tulipokwenda kupima betri. Kinasa kilikuwa kwenye nguzo pembeni ya mto, na ulikifikia kwa mtumbwi maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakishatoka panabaki tope, na tope ni sebule ya mamba. Mimi nilishika mtumbwi. Dada Felista alifungua sanduku, akapima, akaguna: betri ilikuwa imechoka kuliko alivyotazamia. Nyingine alikuwa nayo mkobani. Akachomoa ya zamani, akachomeka mpya, mikono ikiwa na tope mpaka viwikoni kwa kuparamia nguzo. Vipimo havikupotea kwa kukosa umeme, chipu ilivishikilia. Saa ndiyo haikuwa na wa kuishikilia. Kinasa kilipoamka kiliuliza tarehe na saa. Siku nyingine zote alisoma saa yake mwenyewe ya mkononi, lakini siku hiyo ilikuwa chini ya tope. Akapaza sauti kuelekea ukingoni, "Bi Asia, saa ngapi?" Bi Asia akainua mkono wenye saa kubwa ya kiume, aliyopelekewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam, nayo ilikuwa fahari yake. "Saa tatu hiyo, mwanangu, na maji yanatoka." Dada Felista akabonyeza, akafunga sanduku, tukapiga kasia kama watu waliofukuzwa.

Kisha likaja bamvua la kiangazi, lile lenyewe. Hatukuwa na gari mwezi ule, lakini Bi Asia alituma chupa ya maji kwa dereva wa lori la korosho, na salamu: onjeni. Dada Felista akaonja, akanipa, nikatema kwenye mchicha. Neema naye akataka. Tukamwonjesha, akakunja uso, akauliza kwa nini Bi Asia anatia chumvi mtoni. "Anayetia ni bahari," mama yake akamwambia. Ile chupa tuliiweka dirishani na kila mgeni aliyepita Chuno alionjeshwa, mpaka ikaisha. Mvua ikaja, barabara ikakatika, miembe ikadondosha maembe yakaoza, nami nikajifunza kupika wali wa nazi bila kukemewa. Ulikuwa wakati mzuri sana. Nilikuwa na mshahara mdogo, dada asiyekuwa wa damu, na kazi niliyoamini ina maana, na sikujua kwamba vitu hivyo vitatu ni nadra kukutana.

Kompyuta ilipoletwa baada ya masika, vipimo vyote vilikuwemo. Jedwali la maji lilikuwa limejaa na kusimama, kiangazi chote kikiwa salama ndani yake kama alivyopanga. Tulikula kuku siku hiyo. Lakini baada ya juma hivi Mhandisi alituita, uso umemshuka. Alikuwa amelinganisha vipimo na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandarini, lile lililobandikwa ukutani. Mwanzoni vilipatana. Tangu katikati ya kiangazi vikawa kinyume: bandarini maji yakijaa, kwenye kinasa yanapwa; bandarini yakipwa, kwenye kinasa yanajaa na chumvi inapanda. "Chumvi haiwezi kupanda mto bahari ikiwa inaondoka," alisema. "Chombo kimeharibika. Kuanzia hapo vyote ni vya kutupa." Na kuanzia hapo ndiko kulikokuwa na bamvua, chumvi na kesi nzima ya Bi Asia.

Dada Felista aliomba faili ghafi, jinsi lilivyotoka ndani ya kinasa, kabla kompyuta haijalipanga kwa kufuata saa. Tulikaa wawili, bega kwa bega, tukishuka mstari baada ya mstari. Nilikuwa ninasoma kwa sauti, nikafika mahali ulimi ukakwama. Mstari mmoja ulikuwa na 08:45. Ule wa chini yake, tarehe ileile, ulikuwa na 03:15. Saa ilikuwa imerudi nyuma, ila ndoo zilikuwa bado zimepangana. Kompyuta ilipopanga kwa saa ilichanganya ya asubuhi na ya usiku, na mahali pa kuungia pakapotea. Nilimgeukia. Alikuwa ametazama kiganja chake cha kulia, kile alichobonyezea. "Tatu," akasema. "Aliniambia saa tatu, nikaandika tatu." Saa tatu yetu ya asubuhi ni tisa ya kinasa, yeye alikipa tatu, na kwa kinasa hiyo ni usiku wa manane umeshapita. Tofauti yake ni saa sita, na saa sita ndizo takriban bahari inazotumia kutoka kujaa mpaka kupwa. Ndiyo maana mto mzima uligeuka miguu juu. Mgeni wa Kiswahili asingekosea hivyo. Ilibidi uwe umezaliwa na Kiswahili, uulize kwa Kiswahili, na ujibiwe kwa Kiswahili sahihi kabisa.

Mimi nilifurahi, nikadhani tumepona. Tuongeze saa sita kuanzia mstari ule, basi. Mhandisi naye alielewa mara moja, akachorachora, mawimbi yakapatana na ya bandarini. Lakini hakufurahi. Alifunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini, na nitamshuhudia kwamba alizungumza kwa wema. Mikataba yetu yote ilikuwa inaisha mwezi wa sita. Mradi ulikuwa na amri ya kupunguza watu, na waliokuwa wakisubiri sababu walikuwa wengi, hasa juu ya fundi mwanamke aliyebishana kuhusu betri akashinda, kisha betri ikaleta haya. "Felista, tuandike hitilafu ya chombo. Hakuna atakayeulizwa." "Na vipimo?" "Vya baada ya hapo vitatupwa. Tutaomba mwaka mwingine." "Mwaka mwingine upo?" Wote tulijua haupo.

Jioni ile tulimchukua Neema tukatembea ufukweni hapa Shangani, mita chache kutoka ninapoandika. Neema alikusanya kaa akawapanga. Nilikuwa nimekuja na akili yangu ya ujana, nikasema, "Dada, si lazima ujitaje. Tuandike saa ilijirudisha nyuma yenyewe, saa sita, halafu tunasahihisha." Akatikisa kichwa. "Ikijirudisha yenyewe mara moja, watauliza itazuiwa na nini isijirudishe mara kumi. Chombo kibovu ni kibovu siku zote. Anayekosea mara moja tu ni mtu, na lazima awepo wa kusema ni mimi, ilikuwa siku fulani, na ilikuwa hivi." Nikamwambia Neema anaanza shule mwakani. Nilikusudia limuume, na lilimuuma. "Najua anaanza shule, Salome. Nimemzaa mimi." Baadaye kidogo akasema kwamba kinachomwogopesha si kufukuzwa, anaogopa kuchekwa. Kwamba watasema mwanamke hajui kusoma saa. Akacheka mwenyewe kwanza, ili awahi. Nilimpenda sana wakati ule na sikujua namna ya kumwambia, nikamwokotea Neema kaa mwingine.

Aliandika maelezo yake kesho yake kwa Kiingereza chake kilichonyooka, akasaini. Wafadhili waliyakubali. Walisifu hata namna kumbukumbu ilivyogawiwa. Pampu ikahamishiwa kwenye kona ya mto. Na mwezi wa sita ulipofika, majina ya wanaoendelea yalisomwa, langu likiwemo na lake halimo. Mhandisi aliyasoma akitazama dirishani. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo, pamoja na kwamba wengi niliowakasirikia wameshatangulia. Nilitaka nikatae mkataba. Dada Felista aliniambia nisilete maigizo, mtu mmoja kukosa mshahara kwenye nyumba kunatosha. Nikahamishiwa Lindi, kisha Songea, kisha kwetu. Yeye alifungua kibanda cha kutengeneza redio palepale Chuno na akamsomesha Neema kwa risasi ya kulehemu na waya. Tulipigiana simu miaka yote hiyo, tukasengenya wakubwa, tukaulizana bei ya mchele. Habari ya kinasa hatukuigusa tena. Nilidhani nyumbani kwake inajulikana.

Leo asubuhi Neema aliingia chumbani nikiwa nafunga khanga. "Mama mdogo, hebu njoo unisaidie. Kuna wamama wametoka huko mlangoni mwa Ruvuma na pikapu, wameleta madumu ya maji. Nimewaambia bomba letu linatoka, wanasema wanajua." Nikatoka. Walikuwa wameshayashusha, yamepangwa barazani kwa mstari, na mbele yao, mgongo umepinda, amekalia dumu moja, alikuwa Bi Asia. Nilimwamkia. Alinishika mkono, hakuniuliza hata jina. Kisha akamwambia Neema, "Bomba lenu tunalijua, mwanangu. Haya ni yake. Tungekuja na nini kingine?" Neema akanitazama mimi, halafu yeye, halafu mimi tena, na ndipo nilipogundua kwamba hajui. Nikamweleza palepale, tumesimama, watu wa msiba wakisogea mmoja mmoja: mamba, chumvi, tope, saa ya Bi Asia, ile tatu, na siku mama yake alipokubali jina lake liandikwe ili vipimo viishi. Bi Asia naye alikuwa hajui sehemu hiyo. Alijua tu kwamba fundi Felista ndiye aliyewapa maji, na kwamba hakurudi tena. "Kumbe ni mimi niliyentajia saa," akasema polepole. Nikamwambia alitaja sawasawa.

Neema alikaa chini kwenye ngazi. "Mimi alinieleza mara moja tu, nikiwa mdogo," akasema. "Alisema kazi ya mradi ilimshinda kwa sababu ya saa tatu. Nikajua alikuwa anachelewa kazini." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, lakini machozi yaliendelea. "Kila asubuhi, mama mdogo. Kila asubuhi nawaambia wanangu, fanyeni haraka, msije mkawa kama bibi yenu." Kisha akainuka, akawaita wote watatu kwa majina, akafungua dumu la kwanza na kuwanywesha mmoja baada ya mwingine.